Kutoka Mtwara na Lindi hadi bustani za wanyama: mwongozo kamili wa safari na wa kukagua makazi ya wanyama

Mtu wa Mtwara au Lindi akitaka kuwapeleka watoto bustani ya wanyama lazima ajipange, maana zuu zinazotajwa sana ziko mbali. Ukielekea kaskazini kuna Dar es Salaam Zoo, iliyoko Kigamboni, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Ukielekea magharibi kuna Bustani ya Wanyamapori Ruhila, pembezoni mwa mji wa Songea, iliyo chini ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania; hiyo nayo inazidi kilomita 600. Ni siku nzima barabarani, kwenda tu. Kwa gharama hiyo ya mafuta na mgongo, inauma kuona familia inapita mbele ya mabanda yote ndani ya dakika arobaini, inapiga picha na simba aliyelala, kisha inaondoka ikilalamika kuwa wanyama "hawafanyi chochote".

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuangalia kwa makini zaidi: banda limejengwaje, mnyama anaishije humo, na je, kiingilio ulicholipa kinakwenda mahali panapostahili. Kipimo ninachotumia ni kimoja. Nauliza mnyama huyu ana nafasi ya kuamua mambo yake kiasi gani: akae juani au kivulini, aonekane au ajifiche, awe na wenzake au ajitenge. Mengine yote, kuanzia miamba ya saruji iliyopakwa rangi hadi bango la rangi tano getini, yamewekwa kwa ajili yetu sisi watazamaji.

Hatua ya 1: Anza na wanyama wa nyumbani

Huwezi kusema kama mamba wa bustani ana maji ya kutosha ikiwa hujui mamba wa mtoni anaishije. Hapo watu wa kusini tuna faida kubwa. Mto Ruvuma una viboko na mamba, na Rufiji vilevile. Ngedere tunao kwenye mikorosho. Tembo anajulikana Liwale, Nachingwea na Tunduru kwa namna ambayo mtu wa mjini haijui: ndiye aliyemaliza mahindi usiku, na malipo yanayotolewa baadaye yanaitwa kifuta jasho.

Simba naye tunamjua kwa machungu. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, na mikoa ya kusini ikiwemo Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Watafiti walionyesha mnyororo ambao mkulima yeyote wa huku anaufahamu: nguruwe pori wanafuata mazao, wakulima wanalala dunguni kuwafukuza nguruwe, simba wanafuata nguruwe. Nalileta hapa kwa sababu linaeleza simba ni nani. Anatembea usiku, ananusa, anavizia, anasikia mguno wa nguruwe kutoka mbali. Ukisimama mbele ya banda lake, swali linakuwa jepesi kidogo: kati ya hayo, ni lipi analoweza kulifanya humo ndani?

Kwa hiyo kabla ya safari, tafuta jioni moja ukae chini ya mkorosho ambao ngedere huupenda. Andika wanachofanya. Utaona muda mwingi unakwenda kwenye kutafuta chakula na kuchambuana manyoya, na kidogo sana kwenye kukaa tu. Angalia pia jambo moja zaidi: ukiwasogelea, wanakimbia ukiwa umbali gani? Heini Hediger, Mswisi aliyewahi kuongoza bustani za wanyama za Bern, Basel na Zürich, aliufanya umbali huo kuwa msingi wa kazi yake. Kila mnyama ana mpaka wake. Ukiuvuka, anakimbia, na akikosa pa kukimbilia anaishi na hofu au anashambulia. Banda linalofaa humwezesha mnyama kukaa mbali na watu kuliko mpaka huo. Ukiujua umbali wa ngedere wa nyumbani, una rula mkononi.

Kumbuka pia kuwa wanyama wengi wa huku ni wa usiku. Komba wa Rondo, aliyetambuliwa na wanasayansi kama spishi ya peke yake mwaka 1996 na jina lake likitokana na nyanda za Rondo mkoani Lindi, ana uzito wa gramu 60 hivi, na kutwa nzima amejificha. Ukikuta komba wa aina yoyote kwenye kizimba chenye mwanga mkali saa sita mchana, bila shimo wala majani ya kujifichia, huna haja ya kusoma bango.

Hatua ya 2: Chagua njia

Njia ya kaskazini ni Mtwara, Mnazi Mmoja, Lindi, Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga. Wengi hawajui kuwa mtu anayetoka kusini hahitaji kuingia katikati ya Dar es Salaam ili afike Kigamboni. Ukifika Kongowe, kabla ya Mbagala, kata kulia. Utakuwa umekwepa foleni yote ya Mbagala na kivuko pia. Wa basi naye anaweza kumwambia kondakta amshushe Kongowe.

Epuka kipindi cha mvua kubwa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Juni hadi Oktoba barabara ni nzuri, watoto wanapata likizo, na joto limepungua kwako na kwa wanyama. Wengine husubiri fedha za korosho, maana yake wanasafiri Desemba. Inawezekana, ila sikiliza taarifa za barabara kabla ya kuondoka.

Njia ya magharibi inapita Mnazi Mmoja, Ndanda, Masasi, Mangaka, Tunduru na Namtumbo hadi Songea. Lami ipo mwanzo hadi mwisho. Mimi naipenda zaidi, kwa sababu kati ya Tunduru na Namtumbo barabara inakatiza ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous upande wetu na hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji. Tembo hupita hapo kwa miguu yao, bila kibali wala pasipoti. Mtu anayekwenda kutazama wanyama kwenye uzio anakatiza njia ya wanyama wasio na uzio, na hiyo peke yake ni somo zuri kwa watoto kabla hawajafika. Usiku punguza mwendo sana, au usipite kabisa.

Gawanya safari. Kwa njia ya kaskazini, lala Kibiti au moja kwa moja Kigamboni. Kwa njia ya magharibi, lala Tunduru, au fika Songea jioni upumzike. Usikubali ule mpango wa "tutafika saa nane, tuingie, tugeuze". Saa nane mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Hatua ya 3: Panga siku na saa

Ingia geti linapofunguliwa. Asubuhi na jioni ndipo wanyama wengi wanasimama, wanakula, wanazunguka. Mchana hata simba wa Serengeti amelala. Simba hupumzika hadi saa 20 kwa siku, kwa hiyo usingizi wake si ushahidi wa ugonjwa wala wa mateso.

Chagua siku ya kawaida. Sikukuu utaona watu. Kuna faida moja tu ya kwenda Idi au Boksingi Dei: utaona wanyama wanavyovumilia msongamano, kelele na watoto wanaogonga vioo. Ukiweza, nenda mara mbili, siku tulivu na siku ya fujo, ulinganishe. Kama uwezo ni wa mara moja, chagua tulivu.

Kiingilio hubadilika, na kuna bei za mkazi, mgeni, mtu mzima na mtoto. Piga simu kabla. Kwenye simu hiyohiyo uliza saa za kulisha.

Beba daftari, kalamu, saa, kofia, maji, na darubini kama unayo. Simu ibaki mfukoni hadi nitakapokwambia.

Hatua ya 4: Dakika tano za kwanza, tumia pua na masikio

Kabla hujatazama chochote, vuta pumzi. Bustani ya wanyama inanuka wanyama, hilo ni la kawaida. Lakini harufu kali ya mkojo inayochoma macho ina maana kwamba banda halioshwi au halina mteremko wa kutolea maji. Ukisikia harufu ya dawa ya chooni kila mahali, nako kuna swali: wanyama wengi hujua dunia kwa pua, na wanaweka alama zao kwa harufu. Ukifuta kila kitu kwa dawa kila siku, umewafutia ujirani wao wote.

Kisha sikiliza. Bustani nyingi siku hizi zimeunganishwa na baa, bwawa la kuogelea na jukwaa la muziki. Sipingi mtu kula kuku na kunywa soda. Ila tafuta spika iko wapi, na nani anaishi karibu nayo. Singeli inayopigwa mita kumi kutoka kwa digidigi, mnyama anayeishi kwa kutegemea masikio, ni kasoro ya makazi sawa na paa linalovuja.

Hatua ya 5: Dakika ishirini mbele ya banda moja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wengi wanapokosa uvumilivu. Chagua wanyama watatu au wanne tu katika bustani nzima. Kwa kila mmoja simama, au bora ukae, dakika ishirini. Kila dakika saa inapogonga, andika anachofanya wakati huohuo: amelala, anakula, anatembea, anajisafisha, anacheza na mwenzake, anajificha, anatazama watu. Usiandike unachodhani anahisi. Watafiti wa tabia za wanyama hutumia njia hiyohiyo, na mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Karatasi ya fisi inaweza kusomeka hivi:

2:14 anatembea kando ya waya, kushoto kwenda kulia.
2:15 vilevile.
2:16 anageuka kwenye nguzo, kulia kwenda kushoto.
2:17 vilevile.
2:18 anageuka kwenye nguzo ileile.

Ukipata ukurasa wa namna hiyo, acha kumtazama mnyama, tazama ardhi. Katika bustani moja nilimwona chui aliyekuwa amechimba njia yake kando ya uzio, udongo umeshindiliwa hadi unang'aa, ilhali katikati ya banda nyasi zimesimama hazijakanyagwa. Kila alipogeuka, bega lake liligusa nguzo moja. Nguzo hiyo ilikuwa nyeusi, inateleza kwa mafuta ya manyoya, kimo cha bega tu. Juu na chini yake rangi ya kijani ilikuwa mpya. Sikuhitaji kumuuliza mtu yeyote hali hiyo imedumu kwa muda gani.

Tabia hiyo ya kurudia jambo moja bila lengo ni dalili inayofahamika sana. Tembo huyumba, nyani hujing'oa manyoya, dubu hutikisa kichwa. Ros Clubb na Georgia Mason wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2003, katika jarida la Nature, kuwa wanyama wala nyama ambao porini huzunguka maeneo mapana ndio wanaotembea huku na huko zaidi wakifungiwa, na watoto wao hufa zaidi. Banda la kawaida la dubu wa barafuni, walikadiria, ni sehemu moja ya milioni ya eneo lake la porini. Kwa hiyo ukubwa wa banda una maana, lakini maana yake inategemea aina ya mnyama. Kobe hana shida ya chui.

Usikimbilie kuhukumu, hata hivyo. Mnyama anaweza kutembeatembea kwa sababu saa ya chakula imekaribia, basi rudi baada ya chakula umtazame tena. Na tabia ya kurudiarudia huweza kubaki hata mnyama akihamishiwa mahali pazuri. Chui unayemwona leo huenda aliharibiwa na kizimba cha miaka iliyopita, kwa mtu mwingine. Ndiyo maana kuna maswali ya kumuuliza mlezi, nitafika huko.

Baada ya mnyama, tazama banda. Jiulize ana kivuli saa zote, au kivuli cha asubuhi kinahama na kumwacha juani mchana? Maji ni safi na anayafikia? Sakafu ni ya nini: simenti tupu, au udongo, mchanga, majani? Kuna mahali ambapo asionekane kabisa na watu? Hili la mwisho ndilo watalii hulichukia, kwa sababu wamelipa kuona. Lakini banda ambalo mnyama anaonekana kutoka pande zote nne, saa zote, linamnyima kitu cha msingi. Ukikuta kichaka ndani ya banda la digidigi na digidigi humuoni, mpongeze aliyejenga.

Tahadhari na mapambo. Mwaka 1907, karibu na Hamburg, mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alifungua bustani isiyo na nondo: wanyama walitenganishwa na watu kwa mahandaki na miamba ya bandia, na watu walishangaa kuona simba "huru". Ulikuwa uvumbuzi mkubwa na umeigwa duniani kote. Lakini handaki linabadilisha zaidi kile anachokiona mtazamaji. Nafasi ya simba yenyewe inaweza kuwa finyu kuliko banda la nondo la zamani, kwa sababu handaki limekula eneo. Pima kwa macho sehemu anayoweza kuikanyaga, mengine yaache.

Hatua ya 6: Kila mnyama na mambo yake

Simba. Tafuta jukwaa au mwamba wa kupanda, magogo ya kukwaruzia kucha, na mwenzake, kwa sababu simba ni mnyama wa familia. Uliza anapewa nini cha kumchangamsha. Bustani makini huweka mavi ya pundamilia au viungo vya jikoni kama mdalasini kwenye banda, ili simba wapate harufu ya kuifuatilia. Haigharimu kitu, na inaonyesha kuna mtu anayefikiri. Tumbo linaloburuta na uvivu wa kupindukia ni dalili ya unene, tatizo la kawaida la wanyama wanaolishwa bila kutembea. Simba asiyekula leo si lazima awe ananyimwa: porini anashiba kisha anakaa siku kadhaa, na bustani nyingine hufuata mtindo huo kwa makusudi.

Mamba. Watu humrushia mawe wakitaka kujua kama yu hai. Anapokaa kinywa wazi anarekebisha joto la mwili wake, hana hasira wala njaa. Angalia mambo mawili: ana maji ya kutosha kuzama mwili mzima na kugeuka, na ana mahali pa kuota jua na pa kulikimbia. Birika la simenti lenye maji ya kufika tumboni ni jela.

Kobe. Huyu ndiye hutelekezwa kuliko wote, kwa kuwa halalamiki. Tazama gamba. Likiwa na vilima vilima vilivyochongoka kama paa la bati lenye mikunjo, mara nyingi lishe au mazingira yake ya utotoni hayakuwa sawa. Wapo wenye magamba yenye vilima kwa asili, kwa hiyo linganisha na wenzake wa aina yake. Chakula kiwe nyasi na majani. Ukikuta mkate, wali au ugali sakafuni, andika.

Ngedere, nyani na mbega. Hapa mafunzo yako ya chini ya mkorosho yanalipa. Hesabu njia za kupanda juu: kamba, matawi, vibao vya urefu tofauti. Nyani anayeishi peke yake ni tatizo kubwa kuliko nyani mwenye banda dogo lenye wenzake. Tazama mikono na mkia kama kuna sehemu zisizo na manyoya.

Ndege wakubwa. Tai anaweza kukunjua mabawa yote mawili bila kugusa waya? Anaweza kuruka, au anarukaruka tu? Miguu yake imesimama kwenye kijiti cha unene tofauti tofauti au kwenye bomba la chuma?

Twiga na swala huwa na hali nzuri kwenye bustani zenye eneo kubwa la wazi. Angalia kwato ndefu zilizopinda, mbavu zilizochomoza, na kama majani ya twiga yamening'inizwa juu au yametupwa chini.

Chatu. Kama urefu wa kizimba haumruhusu kujinyoosha, na hakuna shimo la kujificha wala upande wa joto na upande wa baridi, hiyo ni rafu ya dukani.

Hatua ya 7: Zungumza na anayewalisha

Mlezi wa wanyama anajua zaidi ya bango, na zaidi ya meneja. Mkute akiwa na ndoo, msalimie vizuri, usianze na maswali ya polisi. Mzee mwenye umri wa baba yako utaanza na shikamoo. Kijana mwenzako, habari za kazi. Ukimwambia umetoka Mtwara au Lindi kwa ajili hii, mazungumzo yatafunguka yenyewe.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Karibuni, mmetoka wapi?"
"Lindi, mzee wangu. Watoto wanataka kujua huyu mama simba anaitwa nani."

Akitaja jina, umri, tabia na maradhi aliyopata mwaka jana, uko mahali pazuri, hata kama uzio una kutu. Halafu endelea polepole: alizaliwa hapa au alitoka wapi? Anakula nini na saa ngapi? Daktari wa wanyama huja lini? Usiku analala wapi? Akizaa, watoto wanapelekwa wapi? Swali la watoto lina uzito, kwa sababu bustani isiyo na mpango wa uzazi hujaza wanyama kuliko nafasi yake.

Msikilize mlezi anavyozungumza nao. Mnyama anayemfuata mlezi kando ya waya kwa shauku na mnyama anayekimbilia kona ndoo ikisikika wameishi maisha tofauti.

Hatua ya 8: Vitu vya kukataa, na korosho

Picha na mtoto wa simba mapajani, kataa. Ili mtoto huyo apatikane kwa picha kutwa nzima, lazima atolewe kwa mama yake mapema, na akikua hana tena kazi. Chatu wa kuvishwa shingoni kwa kila mgeni, kataa pia. Kumgonga, kumrushia, kumpigia mluzi mnyama aliyelala, wakataze watoto mapema, ndani ya gari, kabla ya geti.

Na korosho. Najua mfuko hautakosa kwenye gari la mtu wa kusini. Usimpe mnyama. Korosho mbichi yenye ganda ina mafuta yanayounguza ngozi, kila aliyewahi kubangua kwa mikono anayajua, na mdomo wa nyani hauna kinga tofauti na wa mtoto wako. Zilizokaangwa kwa chumvi nazo si chakula chake. Isitoshe, nyani na binadamu huambukizana magonjwa, kifua kikuu kikiwemo, na kupokezana chakula ndiyo njia mojawapo ya kurahisisha hilo.

Njiani kurudi, usinunue kobe, kasuku, ngedere, kucha, ngozi wala gamba la kasa, hata muuzaji akiapa ni halali. Wanyamapori ni mali ya umma, na sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu kukutwa na nyara za Serikali bila kibali kuwa kosa la jinai. Vizuizi vya barabarani vipo, na utetezi wa "nilimhurumia" hausaidii.

Hatua ya 9: Toa alama, kisha ufanye nini nazo

Ukimaliza, kaeni kivulini na daftari. Kwa kila mnyama uliyemkagua jibu maswali matano, yanayotokana na kile kinachojulikana kama uhuru tano wa wanyama. Msingi wake ni ripoti ya kamati ya Brambell, Uingereza, mwaka 1965, iliyohusu mifugo, na baadaye mawazo hayo yakahamia kwenye wanyama wote wanaofugwa. Ana njaa au kiu? Ana mahali pa kupumzika na kujikinga na jua na mvua? Ana jeraha au ugonjwa usiotibiwa? Anaweza kufanya mambo ya asili yake? Anaishi kwa hofu? Mpe kila jibu alama kati ya 0 (hali mbaya) na 2 (hali nzuri). Mwenye chini ya 5 kati ya 10 ana tatizo la kweli. Mgawanyo huo wa alama ni wangu, urekebishe upendavyo. Faida yake ni kuwa watoto wanabishana kwa ushahidi: huyu anasema 1, yule anasema 2, na kila mmoja lazima aeleze alichoona.

Sasa toa simu. Piga picha za banda, maji, sakafu, njia iliyochimbika, siyo sura ya mnyama tu. Andika tarehe na saa.

Ukiwa umeona jambo baya, mwone kwanza meneja, na umwambie kwa upole na kwa mahususi: "Mamba wa banda la tatu hana kivuli kuanzia saa tano." Malalamiko ya namna hiyo hushughulikiwa haraka kuliko "mnatesa wanyama". Akipuuza, peleka maelezo na picha kwa ofisi ya TAWA au kwa afisa wanyamapori wa wilaya husika. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, kwa hiyo hujaomba fadhila.

Kurusha video mtandaoni papo hapo sikushauri kama hatua ya kwanza. Nimeona matokeo yake: anafukuzwa mlezi mwenye ndoo, aliyekuwa analipwa kidogo na kuomba waya mpya kwa miezi, na banda linabaki vilevile. Ukishafuata ngazi na hakuna kilichofanyika, hapo amua mwenyewe.

Na ukiona jambo zuri, lisemwe vilevile. Kama digidigi amefichwa vizuri na kichaka hadi hukumwona, mwambie meneja kuwa umefurahi kutomwona. Wageni wengi humlalamikia juu ya hilohilo, na akikosa wa kumtetea, kichaka kitakatwa kabla ya Desemba.